Kengele ya Mwangalizi

Mama yule alikuwa ameketi kwenye benchi la korido tangu asubuhi, kapu lake mapajani, na hakuna askari aliyethubutu kumwambia aondoke. Ndani ya kapu mlikuwa na mkate wa Krismasi wenye zabibu kavu, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Alikuwa ametoka nao Annaberg, milimani kwenye theluji, akimpelekea mwanawe aliyekuwa akisoma Leipzig. Alipofika ndipo alipoambiwa kwamba mwanawe yuko kwenye chumba cha maiti.

Inspekta Hesselbarth alipita mbele yake mara mbili akijifanya ana haraka. Mara ya tatu akashindwa.

"Mama Kretzschmar, hapa pana baridi. Njoo ofisini ukae karibu na jiko."

"Sijambo hapa, baba. Nisije nikatoka hapa kidogo, wakampitisha nisimwone."

"Nani ampitishe?"

"Wale wa gari la hospitali. Sajini ameniambia saa sita watakuja kumchukua Benno." Alikunja kitambaa cha mkate, akakikunjua. "Eti aliyejiua hazikwi na mama yake. Anapelekwa kwa wanafunzi wa udaktari, wampasue wajifunzie. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya jimbo la Saksonia, na Hesselbarth alikuwa ameitekeleza mara nyingi bila kuulizwa na mtu. Watu kama hao hawakuwa na mchungaji, hawakuwa na jeneza la maana, wala kanisa halikuwapigia kengele.

"Ni kweli," alisema.

"Basi mimi sina la kusema juu ya sheria. Lakini Benno hakujiua. Mtu anayetaka kujiua hamwandikii mama yake kwamba mkate uwe na zabibu nyingi."

Hesselbarth aliingia ofisini kwake, akafunga mlango taratibu. Sajini Pfeilschmidt alikuwa amesimama karibu na jiko akipasha mikono, mtu mnene, mwema, mwenye masharubu ya kujivunia.

"Umemwambia yule mama habari ya kupasuliwa?"

"Aliuliza, afande. Ningemdanganya?"

"Ungenyamaza, Pfeilschmidt! Mdomo una mlango."

Sajini aliinamisha kichwa. Hesselbarth akaketi. "Nieleze upya. Kwa mdomo wako. Juzi ulikuta nini?"

"Kesi nyeupe kabisa, afande. Pale kwa Daktari Seyffarth, ghorofa ya pili. Wana mashine zao za kupima akili za watu, ile elimu mpya wanayoiita saikolojia. Kuna chumba kidogo cha giza, ndani yake taa ndogo ya gesi. Bomba la taa limetoka chumba cha nje, na koki iko huko huko nje. Marehemu alikutwa ndani, kwenye kiti. Taa imezimika, koki imefunguliwa, mlango umefungwa. Gesi tele."

"Nani alikuwepo?"

"Mwenzake tu, kijana Ohlendorf, mtu wa Bremen. Daktari mwenyewe alikuwa Dresden. Nilimuuliza Ohlendorf: mlikuwa mkifanya nini? Akasema, Kretzschmar alikuwa mwangalizi, mimi nilikuwa msomaji. Basi. Huyu anaangalia mashine, yule anasoma kitabu chake. Anayesoma hakuona kitu. Anayeangalia mashine akazima taa, akafungua koki, akaingia, akajifungia."

"Sababu?"

"Mwenye nyumba aliyempangisha. Anasema asubuhi ile marehemu alikunywa chai, akasema: leo ndiyo mwisho wangu wa kuangalia, baada ya leo nitapumzika." Sajini alifungua viganja. "Sasa, afande, mtu aseme nini zaidi? Mwisho wa kuangalia! Yaani mwisho wa kuiona dunia."

Maneno yalikaa vizuri mahali pake, vizuri kuliko kawaida ya maneno ya watu wanaokwenda kufa. Miaka yote ya kazi Hesselbarth alikuwa ameona wengi wa namna hiyo, na wengi wao siku ya mwisho walizungumza habari za viatu.

"Chukua kofia yako," alisema. "Na waachie askari wa zamu neno: dereva wa gari la hospitali akija, asiondoke na mtu mpaka nirudi."

"Akikataa?"

"Wamkalishe jikoni, wampe supu. Dereva gani anakataa supu?"

*

Daktari Seyffarth aliwapokea mwenyewe, akiwa amefunga utepe mweusi mkononi. Alikuwa mwembamba, mwenye macho mekundu, ama kwa kulia ama kwa kukesha. Maabara yake ilikuwa nyumba ya kupanga tu: vyumba vya kuishi vilivyoondolewa vitanda, vikawekwa meza za mbao, nyaya, betri za chupa na saa moja ya shaba iliyofunikwa kioo.

"Mashine hii inaigawa sekunde vipande elfu," alisema, kwa kuwa Sajini alikuwa akiikodolea macho. "Tafadhali usiiguse."

"Siigusi, Daktari. Mimi hata sekunde nzima sijui nifanyie nini."

Hesselbarth alikuwa amekwenda moja kwa moja kwenye koki ya gesi. Ilikuwa ukutani, kwa kimo cha bega, kando ya meza yenye saa. Hatua chache pembeni ulikuwepo mlango wa chumba cha giza. Aliufungua. Ulikuwa mzito, umewambwa kwa matabaka ya sufu ndani na pembeni. Ndani mlikuwa na kiti, meza nyembamba yenye kitufe, kamba ya kengele, na kisanduku cheusi cha bati kilichoificha taa. Harufu ya gesi ilikuwa bado imeng'ang'ania ile sufu.

Chini ya meza kulikuwa na kitambaa cha mkononi kilichokauka kikawa kigumu. Akakiokota kwa vidole viwili. Karibu yake kulikuwa na kingine.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya Kretzschmar," alisema Daktari. "Alikuwa na mafua makali wiki nzima. Nilimwambia apumzike, akakataa. Alisema mafua yako puani, hayako akilini." Sauti ilimkatika. "Alikuwa mtu wa utani."

Hesselbarth aliviweka vile vitambaa mfukoni mwake. Mwenye mafua ya namna ile hasikii harufu, aliwaza. Lakini anayejiua naye hajali harufu. Hilo peke yake halikumtoa Benno kwenye gari la hospitali.

"Daktari, Kretzschmar alikuwa mwangalizi siku ile?"

"Naam. Mwangalizi wangu bora. Anaweza kuketi gizani asubuhi nzima bila kutikisika. Alikuwa anaweza."

Sajini alikuwa akichungulia dirishani. Hesselbarth alibaki ameshika mlango.

"Kuketi gizani?"

"Ndiyo."

"Mwangalizi anaketi gizani. Anaangalia nini gizani?"

Daktari alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. "Anajiangalia mwenyewe. Nafsi yake. Waya unavutwa huku nje, kidirisha cha kisanduku kinafunguka, mwanga unamulika mara moja; yeye anauona, anaachia kitufe. Kisha anatueleza kilichopita akilini mwake kati ya kuona na kuachia. Ndiyo kazi yenyewe, Bwana Inspekta. Sayansi yetu yote imesimama juu ya mtu mmoja anayejiangalia kwa uaminifu."

"Na anayeangalia mashine anaitwaje?"

"Huyo ni msomaji. Anasoma saa."

Pfeilschmidt aligeuka kutoka dirishani. Masharubu yake yalikuwa yameshuka.

"Anasoma saa," alirudia. "Si kitabu."

"Kitabu gani?" aliuliza Daktari.

Hesselbarth aliuliza taratibu, neno kwa neno: "Msomaji anakaa wapi?"

"Hapo. Kwenye kile kiti."

Kiti kilikuwa chini ya koki. Mtu aliyeketi pale angeweza kuifikia bila kuinuka.

"Na kama mwangalizi angesema: leo ndiyo mwisho wangu wa kuangalia, baada ya leo nitapumzika, wewe ungemwelewaje?"

"Kwamba zamu yake imekwisha. Ilikuwa imekwisha kweli. Kuanzia Jumatatu yeye angekuwa msomaji, na Ohlendorf angeingia gizani. Huwa tunabadilishana, maana giza linachosha." Daktari alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Mabwana, kwani ninyi mlielewa nini?"

"Mungu wangu," alisema Sajini Pfeilschmidt, akavua kofia.

*

Justus Ohlendorf alikuja akiwa amevaa koti la mtu mnene kuliko yeye. Pengine alikuwa amekonda tangu juzi. Aliposikia kwamba Inspekta anataka kuonyeshwa kazi ya kila siku, alimtazama Daktari, na Daktari akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nitakuwa mwangalizi," alisema Hesselbarth. "Wewe utakuwa msomaji, kama siku ile. Nifundishe."

"Unaketi. Unabonyeza kitufe kwa kidole," alisema Ohlendorf bila kuinua macho. "Ukiona mwanga, unaachia. Huongei, hufungui mlango. Mlango ukifunguka macho yanaharibika, tunapoteza nusu saa kuyazoesha giza tena."

"Hata wakati wa mapumziko?"

"Hata wakati wa mapumziko. Mimi hupunguza gesi, kisanduku kisipate moto. Kisha naiongeza, tunaendelea."

"Unapunguza kwa koki hii?"

"Ndiyo."

"Unaujuaje moto wa ndani umebaki kiasi gani?"

"Kwa mazoea."

"Na kamba ya kengele ni ya nini?"

Aliyejibu ni Daktari, kwa sauti ya mwalimu. "Ni ya uaminifu, Bwana Inspekta. Mwangalizi akiona akili yake ilitoka, labda aliwaza chakula, labda alisinzia, anapiga kengele mara moja. Maana yake: sikuwa makini, mara hii isihesabiwe. Msomaji anagonga ukuta mara moja: imefutwa. Wanaanza upya."

"Kengele haina maana nyingine?"

"Ikiwa na maana mbili, itakuwa na faida gani?"

Hesselbarth aliingia. Mlango ulifungwa nyuma yake, na sauti zote za mji zikakatika pale pale. Hakuona hata mkono wake. Alikaa akisikiliza pumzi yake mwenyewe, akaona aibu kwa jinsi ilivyokuwa kubwa. Mwanga ukamulika mara moja, akaachia kitufe. Ukaja mwingine, akaachia. Ilikuwa kazi ya kitoto, na ilikuwa ya upweke mno.

Kisha akavuta kamba.

Kutoka upande wa pili wa ukuta, akasikia: ko.

Akavuta tena. Ko.

Hakungoja mwanga. Akavuta tena, na tena, kwa nguvu, kama mtu aliyebanwa kifua. Ukuta ukamjibu kila mara, kwa adabu, pigo moja. Akapaza sauti: "Ohlendorf!" Sufu ikaimeza. Akavuta kamba. Ko. Akavuta. Pigo lilikuja limechelewa, dhaifu. Akavuta mara ya mwisho, akangoja.

Safari hii hakusikia jibu.

Alipofungua mlango, mwanga wa mchana ulimchoma macho. Ohlendorf alikuwa amesimama, paji la uso limegusa ukuta, ngumi imebaki hewani mahali alipokuwa akigonga. Daktari Seyffarth alikuwa ameketi chini, sakafuni kabisa, na Sajini alikuwa amemshika mkono.

"Siku ile kengele ililia, sivyo?" alisema Hesselbarth.

"Ililia."

"Baada ya mapumziko."

"Baada ya mapumziko. Nilikuwa nimepunguza gesi mno. Moto ulizimika, sikujua. Nikaiongeza. Nilikuwa nafungua gesi tupu, sikujua, haki ya Mungu sikujua." Alizungumza na ukuta. "Nikafungua mwanga, hakuachia kitufe. Kengele. Nikafuta. Nikafungua tena. Kengele. Nikasema moyoni, Benno leo ana nini? Mafua yamempanda kichwani."

"Hakuona mwanga kwa sababu mwanga haukuwepo."

"Na yeye akadhani ni akili yake!" Kijana aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa. "Bwana Inspekta, unaelewa? Sisi tumefundishwa hivyo. Usipoona, kosa ni lako, hukuwa makini. Jiangalie zaidi. Alikaa mle ndani akijiangalia, akaona akili inafifia, akaniambia kwa uaminifu: akili yangu inatoka. Aliniambia kila mara. Na mimi nikamjibu: imefutwa."

Sajini Pfeilschmidt alikuwa akifuta masharubu kwa mgongo wa mkono.

"Halafu?"

"Halafu kengele ikanyamaza. Na kitufe hakikuachiwa. Nikajua amelala. Aliwahi kulala siku moja, tukamcheka wiki nzima. Nikakasirika. Nikasema, na alale, mimi nakwenda kunywa kahawa." Sauti ilizama. "Hata keki nilikula."

Saa ya shaba ilikuwa ikiendelea, ikikatakata sekunde zake.

"Ulipoulizwa na Sajini, ulisema yeye mwangalizi, wewe msomaji."

"Ndiyo."

"Ilikuwa kweli."

"Ilikuwa kweli."

"Ukamwona Sajini ameelewa vingine."

Ohlendorf alifumba macho. "Aliniambia, pole sana kijana, kumbe wewe ulikuwa unajisomea, huna kosa. Nikafungua mdomo nimsahihishe. Mdomo ukafunguka kabisa, Bwana Inspekta. Kisha nikaufunga."

"Unajua wanaojiua wanapelekwa wapi?"

"Mimi mtu wa Bremen. Kwetu wanazikwa tu." Kisha akaelewa kwamba swali lile halikuulizwa bure. "Hapa wanapelekwa wapi?"

Sajini ndiye aliyemwambia, na safari hii hakulaumiwa kwa kusema. Ohlendorf alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alinyoosha mikono yote miwili, tayari kufungwa, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba.

*

Dereva wa gari la hospitali alikuwa kwenye bakuli la pili la supu Hesselbarth aliporudi. Dereva alisoma karatasi yenye muhuri aliyopewa, akapangusa mdomo. "Kwa hiyo narudi mtupu? Huko wananisubiri meza imeshaoshwa."

"Waambie waioshe tena," alisema Inspekta, na dereva akashika kofia yake akaenda.

Mama Kretzschmar alikuwa pale pale kwenye benchi. Hesselbarth aliketi kando yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye korido ile. Alimweleza yote aliyoona anaweza kuyabeba: kwamba Benno hakujiua, kwamba taa ilizimika na mwenzake hakujua, kwamba mafua yalimnyima harufu. Mwenzake alikuwa amekamatwa, atajibu mbele ya hakimu.

Mama alisikiliza, mikono ikiwa juu ya kapu. Ilikuwa mikono ya mfuma lesi, vidole vyembamba vyenye alama za pini. Alipoongea hakuuliza habari za hakimu.

"Basi nitaondoka naye leo?"

"Utaondoka naye leo. Sajini atakusindikiza mpaka stesheni. Ameomba mwenyewe."

"Na kanisani watampigia kengele?"

"Watampigia, mama. Nimeshamwandikia mchungaji wenu."

Ndipo alipolia. Alilia bila kelele, kichwa kikiyumba kidogo, na Hesselbarth akakaa akitazama viatu vyake kwa sababu hakujua mahali pengine pa kutazama. Hatimaye mama alijifuta kwa kile kitambaa cheupe cha mkate, akakikunja upya vizuri.

"Nikuulize moja, baba. Usinifiche, mimi ni mtu mzima. Mle gizani, Benno aliita?"

Hesselbarth alisikia tena, upande wa pili wa sufu, lile pigo moja la adabu. Aliapa zamani kutomdanganya mfiwa, na hata sasa hakuhitaji kudanganya.

"Aliita," alisema.

"Wakamwitikia?"

"Walimwitikia. Kila mara."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. Uso wake ulilegea, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Namshukuru Mungu," alisema. "Basi hakufa peke yake."

Akafungua kapu, akakata kipande cha ule mkate wenye zabibu nyingi, akampa. Hesselbarth alikipokea kwa mikono miwili, akala.